Meza ya Watu Wawili kwa Ajili ya Baba

Mtaa wa Santiago,
Mérida, Yucatán.
Jumapili, 6 Oktoba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Wilberth,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya huko Winnipeg? Yale makoti uliyonitumia picha yake umeshanunua, au bado unavaa sweta mbili ukijidanganya kuwa zinatosha? Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka, lakini vidonge nakunywa. Mwanangu Addy amepata kazi kwenye duka la miwani na anajiona mkubwa. Joto hapa ni lilelile, mvua inanyesha kila mchana na nguo hazikauki.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatumalizi. Mimi naanza kueleza, wewe unapandisha sauti, mimi nalia, salio linakwisha. Karatasi haikatizi mtu. Isome yote kwanza, ndipo ukasirike.

Uliniuliza rafiki yako wa kazini, yule anayekuja na mkewe mwezi ujao, waende kula wapi hapa mjini, mahali pazuri pa watu wanaopendana. Ukasema huenda mimi sijui, kwa kuwa si mtu wa kutoka. Ungeniuliza mwaka jana ningekwambia ukweli kwamba sijui hata mgahawa mmoja. Leo naijua yote, mpaka majina ya wahudumu. Nimeijua kwa ajili ya Baba, na hilo ndilo unalotaka kunigombezea, kwa hiyo nitakujibu yote mawili kwa pamoja.

Daktari Manzanilla alituita mwezi wa tatu. Ni binti mdogo, mpole, anaongea akimtazama mgonjwa na si karatasi. Alisema figo za Baba zimechoka kabisa na kwamba afadhali aanze kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Na chakula kiwe bila chumvi, bila mafuta, bila karibu kila kitu tunachokiita chakula katika nchi hii. Baba akamshukuru, akasema atafikiria. Akamwuliza nani kapaka rangi ukuta wa chumba chake, maana umeanza kuvimba kwa unyevu. Unamjua. Miaka hamsini ya kupaka rangi nyumba za watu, haingii mahali bila kutazama kuta.

Basi nikawa nampikia maboga ya kuchemsha na wali mweupe. Alikula bila kulalamika, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Alikuwa anamaliza sahani, anasema asante mama, anarudi kwenye kitanda chake cha bembea kulala. Ilikuwa kama kumlisha mtu aliyekwisha kuondoka.

Mwezi wa tano ndipo alipokuja Bi Ligia Novelo.

Wewe humkumbuki kwa sababu aliondoka kabla hatujazaliwa. Alikuwa binti wa nyumba moja ya barabara ya hamsini na tisa, Baba akiwa bado anajifunza kazi kwa fundi wake. Baba mwenyewe anasema alipaka madirisha ya nyumba ile mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Bi Ligia akaolewa, akahamia Tampico, akakaa huko maisha yake yote. Sasa ni mjane, amekuja kutembea wiki tatu tu, akapanga chumba karibu na kanisa la Santiago. Wakakutana kwenye mazishi ya mzee Gener Pech, yule seremala rafiki yake Baba. Wiki tatu zikapita. Bado yuko hapa.

Mimi sikuwa na habari. Niliona tu kwamba Baba ameanza kunyoa ndevu kila siku na kwamba ngazi zake zimetoweka uani. Nilipomwuliza akasema ameziuza, hazina kazi tena. Nikadhani ni huzuni. Kumbe mzee alikuwa anajiandaa kwenda kula.

Nelsy wa jirani ndiye aliyeniletea habari, na unajua Nelsy hawezi kuleta habari bila kuikaanga kwanza. Akaniambia amemwona Baba ndani ya mgahawa wa kisima, ule wa nyumba kubwa ya zamani yenye ua katikati na maua yanayoanguka ukutani. Amekaa na mwanamke, mshumaa mezani, na kitambaa cheupe. Akasema, “Shoga, wameshikana mikono kama wamefunga ndoa jana.” Nikaacha cherehani, nikatoka na ndara zangu.

Pale mlangoni kuna msichana aliyesimama na kitabu cha wageni. Akaniuliza kwa adabu kama nimeweka nafasi. Nikamwambia sikuja kula, nimekuja kumchukua baba yangu. Maskini, akaanza kuinama chini ya meza, akidhani nimesema mtoto wangu amepotea.

Baba akaniona. Hakushtuka hata kidogo. Akaagiza kiti cha tatu, wakakibana kwenye meza ya watu wawili, nikakaa magoti yangu yakigusana na ya Bi Ligia. Ni mwanamke mwembamba, mvi zake hajazitia rangi, anavaa miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akanisalimu, mwanangu hujambo, kama vile ndiye aliyeninyonyesha. Mbele ya Baba palikuwa na ile jibini ya mviringo iliyojazwa nyama, na mchuzi wake mweupe, na chumvi yake yote. Nikamwambia, Baba, figo. Akapangusa mdomo taratibu.

“Mimi na Ligia ni watalii, mama. Watalii hawana figo.”

Bi Ligia akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mchuzi. Mimi sikucheka. Nilikaa pale kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe, nikawatazama wanamaliza chakula. Nilitaka kuivuta ile sahani, lakini mtu anaivutaje sahani ya baba yake mbele za watu?

Nitakwambia jambo ambalo kwenye simu sikukwambia. Kilichoniuma siku ile hakikuwa figo peke yake. Nilimfikiria marehemu Mama. Mama alikula amesimama jikoni maisha yake yote, sahani mkononi, akitutazama sisi kama tumeshiba. Hakuwahi kuwashiwa mshumaa. Tulipofika nyumbani nikamtupia Baba maneno hayo yote, na mengine ambayo sitayaandika.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba alimpeleka Mama mara moja, mwaka aliopaka hoteli moja kubwa ya Paseo Montejo na mwenye hoteli akampa chakula cha jioni cha bure yeye na mkewe. Mama alishona gauni. Walipoketi tu, akaona viatu vya wanawake wengine, akaficha vyake chini ya kiti, na kabla supu haijaja akamwomba waondoke. Wakaenda sokoni Santa Ana, wakala panucho za moto wamesimama, zenye maharage ndani na kuku juu, na Mama akacheka njia nzima. Baba akasema, “Nilimwomba tena mara nyingi. Akawa ananiambia, nenda wewe, kisha uje unisimulie.” Halafu akaingia kulala.

Nikafikiri, huyu Bi Ligia hajui. Huyu anadhani amepata mzee mzima wa kutembea naye. Nikimweleza, atakuwa upande wangu, na Baba atamsikiliza yeye kuliko mimi. Nikaenda mpaka chumbani kwake na mkate wa sukari kwenye mfuko, kama mtu anayeenda kuposa. Nikamweleza yote: figo, mashine, chumvi, daktari.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikata mkate vipande vidogo. Kisha akaniambia kwamba Baba alimweleza siku ya kwanza, hata kabla ya kumwalika. Na kwamba mashine ile yeye anaijua vizuri. Mume wake aliitumia kule Tampico miaka minne, na yeye ndiye aliyekuwa anampeleka na kumrudisha. Nikaona Mungu ameniletea shahidi. Nikamwomba amwambie Baba kwamba inasaidia.

“Inasaidia,” akasema. “Wengine wanarudi wanaishi vizuri kabisa. Wangu hakutaka, alikubali kwa ajili yangu. Siku za mwisho akaniuliza, Ligia, umeridhika sasa? Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.”

Akanisogezea sahani ya mkate. “Kwa hiyo mimi baba yako sitamwambia afanye, wala sitamwambia asifanye. Nisamehe, mwanangu. Hilo siwezi mara ya pili.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu chini ya jua kali. Sikujua nimchukie au nimshukuru.

Baada ya hapo niliacha kuwafuata, lakini wao walianza kunialika. Wakati mwingine nilikwenda, nikakaa pembeni, nikanywa maji ya machungwa. Ndivyo nilivyoyajua maeneo hayo yote. Kuna mgahawa wa ghorofani upande wa Paseo Montejo, una upepo mzuri na unaona minara ya kanisa kuu ikigeuka rangi ya waridi jua linapozama. Kuna wa kisima niliokwisha kukutajia. Na kuna meza za uwanja wa Santa Lucía, chini ya matao, ambako Alhamisi wapiga gitaa wanaimba. Bi Ligia anapiga picha kila kitu, hata vitambaa vya kupangusia mikono. Anasema aliondoka mji huu akiwa bibi harusi, akiujua kama mtu anavyoujua uchochoro wa kwao, na sasa anataka kuuona kama mgeni. Baba anamwonyesha kuta. Hii niliipaka mimi, ile niliipaka mimi, hii wameiharibu. Nyumba hizo zote aliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo mkononi. Sasa wanamfungulia mlango wa mbele na kumvutia kiti.

Alikuwa na furaha. Siwezi kukuficha hilo, ingawa najua hutaki kulisikia. Alikuwa akirudi nyumbani anapiga mluzi, na asubuhi miguu imevimba mpaka kidole kikibonyeza kinaacha shimo.

Ile Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane nilikuwepo. Tulikuwa Santa Lucía, bata mzinga wa mchuzi mweusi mezani, gitaa tatu zinalia kati ya meza na meza. Katikati ya wimbo Baba akainua mkono. Wapiga gitaa wakadhani anaomba wimbo. Wakasogea karibu yake, wakainama, wakapiga kwa nguvu zaidi, wakitabasamu. Watu wa meza ya pili wakapiga makofi. Na yeye mkono bado uko juu, mdomo wazi, hewa haiingii. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nami nilidhani anaomba wimbo. Bi Ligia ndiye aliyeona. Alisukuma gitaa kwa mkono wake mwenyewe, akamfungua vifungo vya shati.

Hospitali walimtoa maji mapafuni. Hapo ndipo nilipokupigia, nawe ukaniambia nitie sahihi waanze mashine usiku uleule, na kama sitii nitakuwa nimemwua. Naelewa ulikuwa na hofu. Nami nilikuwa nayo. Nilikwenda kweli, Wilberth, nikamwuliza Daktari Manzanilla pa kutia sahihi. Akaniambia kwa upole kwamba hapana mahali pangu. Mgonjwa ana akili timamu, anaongea, anasikia. Sahihi ni yake.

Asubuhi akamwuliza mbele yangu. Baba alikuwa amekaa kitandani, bomba la hewa puani.

“Hiyo mashine yako inafanya kazi siku gani, binti yangu?”

“Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mzee.”

“Alhamisi nina miadi.”

“Kuna zamu ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa pia.”

Baba akacheka mpaka akakohoa, akasema daktari huyu anambana kweli. Kisha kicheko kikamwisha. Akamshika daktari mkono na kumwambia, “Nimekwisha kufikiri. Sitaki. Na msinitafutie mtu wa kunishawishi, wote nimewasikia.” Wakati anasema hayo alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba nisianze.

Sikuanza. Nilitoka kwenye korido. Bi Ligia alikuwa kwenye benchi, amepakata viatu vya Baba kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia amekataa. Akatikisa kichwa, akausogeza mfuko karibu na tumbo lake, akaanza kulia kimya kimya bila kujifuta. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu. Badala yake nikakaa naye.

Sasa Baba yuko nyumbani, anakunywa dawa za kupunguza maji, na daktari anakuja nyumbani mara kwa mara, mwenyewe, bila kuitwa. Anasema hawezi kujua ni wiki au ni miezi. Baba analala nusu amekaa. Viatu havimwingii tena, kwa hiyo anaenda mgahawani na ndara na soksi nyeupe, na shati limenyooshwa vizuri. Mwanzoni nilidhani watamzuia mlangoni. Yule msichana wa kitabu cha wageni aliziangalia ndara, akamwangalia usoni, akampa mkono wa kuegemea.

Anakula vijiko vichache tu siku hizi. Anaagiza kama zamani, anaijadili sahani na mhudumu, kisha anagusa mara tatu na kuuweka uma. Bi Ligia anakula yake, halafu wanabadilishana sahani polepole na anakula ya Baba, ili mhudumu asiulize kama chakula hakikuwa kizuri. Amenenepa. Anasema nguo zake za Tampico hazimtoshi tena.

Binti yake Bi Ligia amekuja kumchukua mara moja na amerudi peke yake.

Najua utauliza mimi nafanya nini. Sifanyi kitu. Namwekea dawa, namsugua miguu, nampikia uji usio na chumvi ambao hauli. Nimesali, nimenuna, nimemfichia ufunguo wa mlango siku moja nikaurudisha mwenyewe. Kila njia niliyoijua nimeipita. Nawe najua ungekuwa hapa kesho kama karatasi zako za ukaazi zingetoka, na najua ukitoka kabla hazijatoka huwezi kurudi kwa mkeo na watoto. Baba mwenyewe amenikataza kukuomba uje. Kwa hiyo sikuombi. Nakuomba tu ukipiga simu usimfokee. Mwulize jana amekula nini. Atakueleza kwa kirefu, na sauti yake utaisikia ilivyo.

Kuhusu rafiki yako na mkewe, waambie hivi. Wa ghorofani waende jua likiwa linazama, lakini ngazi ni nyingi, kwa hiyo mke asivae visigino. Santa Lucía wafike mapema, wakae mbali kidogo na wapiga gitaa. Wa kisima ni bora mchana kuliko usiku, na waanze na supu ya ndimu. Wakimaliza wapite kwa muuza aiskrimu wa kibarazani, wachukue ya nazi, wakale kwenye vile viti vyeupe vya uwanjani vinavyowakalisha watu wakiangaliana. Wasiwe na haraka.

Jambo la mwisho ni la jana. Siku zote Baba alikuwa anapiga simu mwenyewe kuweka meza, lakini sasa pumzi haimfikishi mwisho wa sentensi, akaniomba mimi. Nikapiga kule mgahawa wa kisima. Wakaniuliza jina, nikasema Canul. Siku gani, nikasema Jumanne mchana. Watu wangapi, nikasema wawili. Hapo msichana akaniuliza kuna sherehe gani, ni kumbukumbu ya ndoa, ni siku ya kuzaliwa, maana wanaleta keki na kuimba.

Nikaiziba simu kwa kiganja, nikamgeukia Baba pale kwenye bembea yake.

“Wanauliza mnasherehekea nini.”

Akafumba macho kidogo, akifikiri kweli.

“Waambie hatusherehekei kitu,” akasema. “Waambie tuna njaa.”

Nikawaambia. Asubuhi ile alikuwa amekula vijiko viwili vya uji. Msichana akacheka upande wa pili, akasema basi wao wanawangoja kwa hamu, akaandika.

Nisalimie shemeji, umkumbatie Gaspar mdogo na Mirna, uwaambie shangazi yao anawashonea kitu. Addy anakusalimu, na Nelsy pia, ambaye ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Bi Ligia ameniomba nikupe salamu zake ingawa hamjaonana. Baba anasema uvae kofia.

Mungu akutunze huko uliko, akupe joto na usingizi, na atupe sisi sote nguvu ya kusimama hapa tulipo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Elsy